Jibu: Sokwe wanamsaidia nini mwanakijiji?

Mkuu umeuliza sokwe wa hifadhi ya Gombe wanamsaidia nini mtu ambaye hata hela ya unga hana. Jibu lipo hukohuko Kigoma tangu 1994, mtafiti wa sokwe Jane Goodall na wenzake walivyoona misitu nje ya hifadhi inaisha kwa kuni na mashamba wakaanzisha TACARE, mradi wa kuinua wanavijiji na kutunza misitu, na hawakwenda kuhubiri sokwe, walianza na vitalu vya miche, maji, afya, mikopo midogo kwa akina mama, baadae kahawa. Mtu akiwa na chake panga halipandi mlimani kila siku. Rwanda nao asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi inarudi kwa wanavijiji. Sisi wa Dar tunawalaumu tu wakati gunia la mkaa liko mlangoni, langu limeshuka jana na bodaboda 😂