Risasi nyepesi za rivolva

SWALI: Ninaishi Ohio, nina rivolva ya .38 Special. Nataka kujijazia risasi nyepesi za shabaha. Nitumie baruti gani? Je, kadiri baruti inavyopungua ndivyo hatari inavyopungua?

JIBU: Hapana, na kosa hilo limeharibu mitutu mingi. Baruti ikipungua mno, kichwa cha risasi hukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata huupasua. Ukisikia mlio hafifu, acha kufyatua, toa risasi zote, kisha chungulia mtutu kabla ya lolote.

Chagua baruti inayoungua haraka. Bullseye imezoeleka: takriban greini 2.7 (greini ni kipimo cha uzito, kama gramu 0.065) kwa kichwa cha risasi bapa cha greini 148, lakini thibitisha kipimo katika mwongozo wa mtengenezaji. Baruti ya H110, inayoungua polepole, usiiguse kwa kazi hii. Ikipunguzwa huwaka vibaya.

Tatizo la Bullseye ni udogo wa ujazo wake. Ganda la .38 ni refu, kwa hiyo kipimo maradufu huingia bila kumwagika, na hicho huweza kupasua silinda. Panga maganda 50 kwenye kibao chenye matundu, jaza yote, kisha mulika kila moja kwa tochi kabla ya kuweka kichwa. Lililo tofauti, limwage. Pima kila la kumi kwa mizani.

Tumia vichwa vya madini laini ya risasi. Vilivyofunikwa kwa shaba hukwama upesi zaidi. Mezani kuwe na kopo moja tu la baruti.