Kabla ya Kukubali Nafasi Isiyo na Ufadhili Katika Timu ya Chuo

Majuzi nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Kitanzania anayemaliza sekondari huko Texas: "Kaka, shikamoo. Kocha amesema nafasi kikosini ipo, ila ada nijilipie mwenyewe kwanza. Mama hataki. Wewe ulifanyaje?" Wanaoniuliza swali hili wanajua kwamba nilicheza futiboli ya Kimarekani chuoni kwa kujigharamia na nikaishia kupewa ufadhili, kwa hiyo wengi hutarajia niwaambie waende tu. Miaka michache iliyopita ningesema hivyo bila kusita.

Tarehe 6 Juni 2025, Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya mwanamichezo Grant House dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na kuanzia Julai mwaka huo vyuo vilivyojiunga nayo viliruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Habari ya fedha ndiyo iliyotangazwa sana, lakini kwa mchezaji wa kujigharamia kifungu kizito kilikuwa kingine. Zamani timu ya daraja la juu ilikuwa na wachezaji 85 wenye ufadhili, na juu yao kocha aliongeza wa kujigharamia kadiri alivyoona inafaa, hata kikosi kikapita watu 120. Sasa ukomo wa ufadhili umeondolewa na kikosi kizima kimewekewa ukomo wa watu 105, maana yake chuo chenye uwezo kinaweza kumfadhili kila aliyemo na kisibakize hata nafasi moja ya mtu wa kujilipia. Ni kweli kwamba Jaji alikataa kuidhinisha mpaka waliokuwa wameenguliwa kwa sababu ya ukomo huo waruhusiwe kutohesabiwa, lakini nafuu hiyo iliwahusu waliokuwamo wakati ule, na hata wao vyuo havikulazimishwa kuwarudisha.

Mimi niliingia kupitia majaribio ya wazi, katika chuo ambacho sitakitaja, nikiwa mlinzi wa nyuma mwenye mwili mdogo na mbio za kutosha. Kazi yetu ilikuwa kujifanya wapinzani wa wiki ile. Kocha msaidizi aliinua kadi kubwa iliyochorwa kwa kalamu nene, kila mmoja akatafuta duara linalomwakilisha, kisha tukacheza mchezo wa watu wengine ili wenye ufadhili wajifunze kutupiga. Namba ya jezi yangu nilishirikiana na mwenzangu aliyekuwa akicheza kweli, na mechi za ugenini nilizitazama kwenye televisheni ya bwenini. Hayo yote niliyavumilia. Lililoniuma, na bado linaniuma, ni chakula: kabla NCAA haijabadili kanuni mwaka 2014, wenzetu waliingia kwenye ukumbi wa chakula cha timu nasi tukaenda kulipa wenyewe kwenye mkahawa wa wanafunzi, ilhali jasho lilikuwa moja. Siku kocha aliponisimamisha mbele ya kikosi na kutangaza kwamba nimepata ufadhili, wale wale ndio walioninyanyua juu juu, na sitasema uongo kwamba sikulia.

Lakini kijana, mimi nilipewa muda wa kukomaa, na muda huo ndio uliopotea. Kocha mwenye nafasi 105, na uhuru wa kumchukua mchezaji aliyekwisha iva kutoka chuo kingine, hana sababu ya kukusubiri miaka mitatu unenepe. Usimtumie Baker Mayfield kumshawishi mama. Aliingia Texas Tech bila ufadhili mwaka 2013, akahamia Oklahoma vivyo hivyo, akatwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2017, na mwaka uliofuata akawa wa kwanza kuchaguliwa na timu za NFL, ligi ya kulipwa. Lakini huyo alikuwa mpiga pasi ambaye angeonekana hata gizani.

Basi muulize kocha waziwazi kama utakuwa miongoni mwa wale 105 siku ya mechi ya kwanza, na ukipata jibu, omba aliandike. Akizungukazunguka, umekwisha jibiwa. Kisha jiulize kama chuo hicho ungekisoma hata bila mpira, kwa sababu shahada ndiyo utakayobaki nayo. Vijana wetu wanapenda jezi kuliko vitabu, na wazazi wanakopa ili mtoto apigwe picha uwanjani; jambo hilo tuliache. Zipo timu za ngazi za chini ambazo hazikuingia katika makubaliano yale na hazibanwi na ukomo huo, na katika Daraja la Tatu la NCAA hakuna ufadhili wa michezo kwa yeyote, hivyo mezani wote mko sawa.

Suala la ada litategemea hadhi yako ya uhamiaji. Mwenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, au aliyepokelewa kama mkimbizi anaweza kuomba msaada wa serikali kwa fomu ya FAFSA, nayo ijazwe mapema. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 hastahili msaada huo, na viza yenyewe inabana kazi za kulipwa, kwa hiyo asipokee senti ya timu wala ya matangazo kabla hajazungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni.