Maswali na majibu: Wanafunzi wanapopika matokeo ya maabara

Nafundisha kemia kidato cha tatu, Sengerema. Tukifanya titresheni, yaani kudondosha kimiminika kimoja kwenye kingine mpaka rangi ibadilike na kusoma ujazo uliotumika, kila kikundi kinaleta sentimita za ujazo 24.50 mara tatu mfululizo. Nisahihisheje?

Wamepika, mwalimu mwenzangu, na kupika tumewafundisha sisi. Tone moja la bureti, ule mrija wenye vipimo wa kudondoshea, ni karibu sentimita za ujazo 0.05, na jicho la kijana huyumba. Namba za kweli hupishana kidogo: 24.40, 24.55, 24.50. Akishajua alama ni za aliyekaribia jibu la mwalimu, anachungulia daftari la jirani.

Mimi kati ya alama 20, jibu nalipa 4 tu. Zilizobaki ziko kwenye daftari. Namba iliandikwa papo hapo kwa kalamu ya wino? Alipokosea alikata mstari mmoja unaosomeka, au alifuta? Muhula uliopita binti mmoja aliandika: "Ya pili nimepitiliza, pinki imekolea mno." Jibu lake lilikuwa mbali, lakini kipengele hicho nilimpa alama zote, nikalisomea darasa sentensi yake. Wiki iliyofuata zile 24.50 tatu tatu zilipungua.

Shikamoo mwalimu. Shule yetu iko Ukerewe na maabara haina kitu. Tunaweza kufanya utafiti?

Marahaba, mwanangu. Mnaweza, tena swali mnalo mlangoni: maji yapi yanakula sabuni zaidi, ya ziwa, ya kisima au ya mvua? Wekeni kiasi kile kile kwenye chupa zinazofanana. Yeyusheni kipande cha sabuni ya mche, mdondoshe tone moja moja kwa bomba la sindano huku mkitikisa, mpaka povu lidumu nusu dakika. Hesabuni matone, kila maji mara tatu. Sabuni ya unga haifai hapa, maana hutoa povu hata kwenye maji magumu, yaani yale yanayokula sabuni nyingi kabla ya kutoa povu.

Kabla ya kupima, andikeni mnachodhani na sababu yake. Dhana ikianguka, iacheni ilivyo; hapo ndipo mwalimu wenu atapata la kusahihisha. Na maji ya ziwa yatekeni mkiwa juu ya jiwe au gati, msiingie. Kichocho kipo.

Mimi ni mzazi, Nyakato. Haya yatamsaidia mtoto kwenye mtihani wa NECTA?

Ndiyo. Mtihani wa vitendo upo, na aliyezoea kuandika anachokiona kwa macho yake hababaiki bureti ikiwa mbele yake.

Kikundi kina watu sita, anayefanya kazi ni mmoja. Nawapimaje? (Mwalimu, Magu)

Kama vifaa vinatosha, wawe watatu watatu. Vikiwa haba, ita kila mmoja peke yake kwa dakika mbili, daftari la kikundi likiwa mezani. Muulize: "Mbona namba hii mmeikata?" "Kama povu lingetokea kwa matone mawili tu, ungeshuku nini?" Aliyekuwa anatazama dirishani utamjua mapema. Nusu ya alama iwe ya kikundi, nusu ya majibu yake mwenyewe, na waambie hivyo kabla hawajaanza kazi.