Triatloni ya kwanza: anza na maji

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu triatloni, mchezo wa kuogelea, baiskeli na kukimbia, huanza kwa kuuliza bei ya baiskeli. Mimi huwauliza kama wanaweza kuogelea mita 200 bila kushika ukuta. Kama bado, baiskeli isubiri. Triatloni fupi, ile inayomfaa anayeanza, ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia, zote kwa mfululizo. Ukichoka kwenye baiskeli utapunguza mwendo, ukichoka kukimbia utatembea, na hakuna atakayekuondoa mashindanoni kwa hilo. Kwenye kina kirefu huna pa kukanyaga.

Kama umekaa miaka bila mazoezi, kapime presha na sukari kwanza, hasa ukiwa umevuka arobaini. Kisha anza kwa kutembea haraka na kukimbia kidogo kidogo, kwa zamu. Anayerudi mazoezini hukutana na mtego mmoja: pumzi hurudi mapema kuliko kano. Wiki chache tu unajiona mwepesi, unaongeza mwendo, na hapo ndipo goti na kisigino vinaanza kuuma, kwa sababu kano na mifupa huchukua miezi kuzoea. Kipimo changu ni mdomo. Ukishindwa kumaliza sentensi nzima huku unakimbia, umezidisha. Siku nyingi za wiki ziwe za mwendo huo wa kuongea, hata unapojiona una nguvu za ziada.

Turudi majini. Tafuta mwalimu, hapa usibane pesa. Wanaokwama wengi hawakwamishwi na mikono bali na pumzi. Wanaibana uso ukiwa ndani ya maji, halafu wakigeuza kichwa wanataka kuitoa na kuivuta kwa mara moja, na kabla ya mita 50 wameishiwa. Simama maji yakiwa kifuani, zamisha uso, toa pumzi polepole kwa pua mpaka mapovu yaishe, kisha geuza shavu moja nje ya maji uvute hewa. Rudia, rudia tena, mpaka mwili ufanye bila kuambiwa. Ni zoezi linalochosha akili na watu hulikimbia, lakini ndilo linalomvusha mtu.

Ukishamudu bwawa, nenda baharini, na kamwe usiende peke yako. Kwetu Dar es Salaam maji ndiyo yanayopanga ratiba. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Yakipwa, pale Coco Beach utatembea juu ya mawe badala ya kuogelea. Waulize wavuvi saa ya maji kujaa, na ukiweza chagua siku za maji mafu, mkondo unapokuwa mpole. Kusi, ule upepo wa kusini, likivuma sana, ahirisha. Baharini hakuna mstari chini wa kukuongoza kama bwawani, hivyo jizoeze kuinua macho kila baada ya mikupuo michache ya mikono, uangalie alama iliyosimama nchi kavu: mnazi au paa la nyumba.

Baiskeli ya mtumba inatosha, mradi breki na gia zifanye kazi. Kilicho muhimu ni urefu wa kiti. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kiti kikiwa chini, magoti yatakulipiza. Panda alfajiri ya Jumapili kabla daladala hazijajaa barabarani, na helmeti usiivue hata kwa safari fupi. Mashindanoni ni sheria: unafunga kamba yake kabla ya kugusa baiskeli, na huifungui mpaka uirudishe mahali pake.

Kila wiki, mara moja, shuka kwenye baiskeli ukimbie papo hapo, hata dakika kumi. Mara ya kwanza miguu itakuwa mizito kama ya mtu anayetembea kwenye tope, na utaamini umeumia. Hujaumia. Mwili unahama kutoka kazi moja kwenda nyingine, na ukiuzoesha, uzito huo hupungua mapema kila mara.

Kwa joto letu, jasho linataka kurudishiwa chumvi pia. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vinatosha kwa safari ndefu ya baiskeli. Kinywaji hicho kinywe mazoezini kwanza, tumbo likijue kabla ya siku yenyewe. Na hilo liwe kwa kila kitu: viatu, nguo, miwani ya kuogelea, chakula cha asubuhi. Kisivaliwe wala kuliwa kipya siku ya mashindano.

Siku hiyo simama nyuma na pembeni ya kundi, uwaache wenye kasi watangulie. Mapigo yakikimbia na pumzi ikikataa, geukia mgongo uelee, uinue mkono. Kanuni zinaruhusu kushika boya au mtumbwi wa waokoaji mpaka utulie, ilimradi haukusogezi mbele. Kwenye maelezo ya waandaaji asubuhi hiyo uliza waokoaji watakaa wapi, kisha wakati wa kuogelea shika upande walipo.