Kabla ya Kumleta Saint Bernard Nyumbani, Jua Alikotoka

Wiki iliyopita msomaji mmoja, baba wa watoto watatu, aliniandikia akiomba ushauri. Wanawe wameona picha ya mbwa wa aina ya Saint Bernard mwenye pipa dogo shingoni, wamempenda, naye amepata mtu anayeuza watoto wa mbwa hao. Nilishindwa kumjibu siku hiyohiyo. Hata mimi nilianza hivyo, kwa picha kama hiyo.

Aliyeniuzia Dubu, Saint Bernard wangu, aliniambia pipa lile lilibeba brandi ya kuwapasha moto watu waliofukiwa na theluji. Nilimwamini kabisa. Kuhusu nyonga, tumbo na joto hakugusia lolote, nami sikuuliza, kwa kuwa hadithi ilikuwa tamu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba pipa lilitokana na mchoro wa mchoraji Mwingereza Edwin Landseer wa mwaka 1820, alipokuwa kijana ambaye hajatimiza hata miaka 20.

Historia ya kweli inapendeza kuliko hiyo. Katika karne ya 11, Bernard wa Menthon alianzisha nyumba ya kuwahifadhi wasafiri kwenye njia ya juu ya milima ya Alps, mpakani mwa Uswisi na Italia, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari. Mbwa walifika huko karne nyingi baada yake. Picha yao ya zamani pale ni ya mwaka 1695. Kwanza walikuwa walinzi. Kisha watawa wa nyumba hiyo wakagundua kwamba wananusa mtu aliye chini ya theluji na kuijua njia hata ukungu ukitanda, wakaanza kutoka nao kuwatafuta waliopotea. Barry, aliyezaliwa mwaka 1800, anasifiwa kwa kuokoa watu zaidi ya 40. Aliishia uzeeni mjini Bern, akafa mwaka 1814, na mpaka leo mwili wake umehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo.

Lakini Barry alikuwa mbwa wa kilo zipatazo 45. Dubu wangu alifika 78.

Hapo ndipo ningetaka kila mnunuzi atulie asome. Katika karne ya 19 watawa waliwachanganya mbwa wao na mbwa wa aina ya Newfoundland. Baadhi ya watoto wakatoka na manyoya marefu, na manyoya hayo yakawa yanashika barafu mpaka mbwa analemewa, hafai tena kwa kazi. Watu wa mabondeni wao waliwapenda hao wenye manyoya marefu, wakawazalisha wakiwa wakubwa zaidi na zaidi. Kitabu cha nasaba za mbwa cha Uswisi kilipofunguliwa mwaka 1884, jina la kwanza kuandikwa lilikuwa la Saint Bernard. Kwa hiyo tunayemnunua leo kwa ajili ya watoto ametengenezwa zaidi na macho ya watu kuliko na kazi ya mlimani. Na mimi nilimchagua Dubu kwa manyoya yake marefu.

Alikuwa mpole ajabu. Mwanangu alijifunza kutembea akiwa amemshika sikio. Dubu alipokuwa na miaka sita, jioni moja alimaliza bakuli zima kwa mkupuo, kisha akakimbizana na watoto uani. Tumbo likajaa kama ngoma. Akawa anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Nikasema ni kuvimbiwa tu, nikangoja asubuhi. Daktari wa mifugo aliniambia tumbo lilikuwa limejisokota, na kwamba saa zile nilizolala ndizo zilizokuwa za kumwokoa.

Ndugu zangu, mpende mbwa kwa kumjua. Kifua kile chenye kina kirefu ndicho kinacholiachia tumbo nafasi ya kujisokota, basi gawa chakula mara mbili au tatu kwa siku, na akishakula apumzike. Nasema tena: akishakula apumzike. Mwili ule umeumbwa kwa baridi, mpe kivuli na maji, usimtembeze jua likiwa kali. Tumbo likivimba, usingoje hata dakika kumi.

Na wewe baba uliyeniandikia, nenda kamwone huyo muuzaji. Omba kumwona mama wa watoto hao akitembea, omba na picha za eksirei za nyonga zake, uone kama ni nzima. Akianza kukusimulia habari za pipa, rudia ombi lako la picha.