0,41 ya shule, 0,34 ya nyumbani: je, shule imeshinda?

SWALI: Yaya, niko namaliza memwari (tasnifu ya kumaliza chuo) ya saikolojia hapa Lubumbashi. Niligawa karatasi za maswali kwa wanafunzi 160 wa humanite (sekondari), katika komini za Katuba na Kenya hapa mjini, juu ya uvumilivu wao (kwa kipimo cha "grit" cha mwanasaikolojia Angela Duckworth), uhusiano wao na wazazi, na uhusiano wao na walimu. Uwiano (namba inayoonyesha vitu viwili vinafuatana kiasi gani, 1 ikiwa ndiyo juu kabisa) wa uvumilivu na wazazi ni 0,34. Na walimu ni 0,41. Naweza kuandika kwamba shule inajenga uvumilivu wa kijana kuliko familia?

JIBU: Hapana, mdogo wangu. Kwa wanafunzi 160, ile 0,34 inaweza kuwa popote kati ya 0,20 na 0,47 hivi. 0,41 imeketi humo humo ndani. Hakuna aliyeshinda. Na usijumlishe. Ukizidisha kila namba kwa yenyewe unapata kama asilimia 12 ya tofauti za uvumilivu kati ya wanafunzi upande wa wazazi na 17 upande wa walimu, lakini hazifanyi 29, maana mtoto anayesikilizwa nyumbani mara nyingi ndiye anayethubutu kumuuliza mwalimu. Ingiza vyote viwili katika regresheni moja (hesabu inayovipima kwa pamoja), uone kila kimoja kinabaki na nini mwenzake akiwepo.

Kinachonisumbua zaidi ni neno uvumilivu lenyewe. Kwetu mvumilivu ni nani? Ni mama anayenyamaza, ni mtu anayelala njaa bila kulalamika. Kipimo cha Angela Duckworth na wenzake cha 2007 hakiulizi hayo. Maswali yake 12 yamegawanyika nusu kwa nusu: sita juu ya kukaza juhudi hata mambo yakikwama, sita juu ya kutobadilisha lengo kila mara. Mwaka 2017 Marcus Credé na wenzake walikusanya tafiti nyingi wakaona nusu ya juhudi ndiyo inayofuatana zaidi na matokeo. Kwa hiyo hesabu kila nusu peke yake. Na kama katika tafsiri yako uliandika "navumilia", jua kuna vijana waliokujibu juu ya subira.

Chukua sasa sentensi kama "Namaliza kila ninachoanza". Mtoto aliyerudishwa nyumbani mara tatu kwa ajili ya minervali (karo ya shule) atajibu nini? Atajibu hapana, nawe utamhesabu mlegevu, kumbe kila Jumamosi anaponda mawe ili arudi darasani. Ukosefu huo huo wa pesa ndio unaowagombanisha baba na mama jioni. Pesa inaweza kuvuta kamba zote mbili, wewe ukadhani kamba moja inavuta nyingine. Kama hukuuliza minervali ililipwa lini, rudi ukaulize.

Halafu, mwalimu gani hampendi mtoto anayerudia zoezi mpaka litoke? Bidii nayo inazaa uhusiano mzuri. Karatasi za siku moja haziwezi kukuambia kipi kilitangulia.

Nani alikusanya karatasi zako? Mimi niliwahi kumwachia titulere (mwalimu wa darasa) azikusanye mwenyewe. Darasa zima likaandika kwamba titulere anawapenda sana! Data ile niliitupa. Hata bila titulere, kijana yule yule amejaza karatasi tatu saa ile ile. Akiamka vibaya, wazazi, walimu na bidii vyote vinashuka pamoja. Tafuta ushahidi usiotoka kwenye kalamu yake: mahudhurio, au titulere ampime bidii bila kuona majibu.

Kama muda upo, warudie wanafunzi wale wale baada ya periodi mbili za masomo, uangalie kama uhusiano wa mwanzo unatabiri bidii ya baadaye hata ukishahesabu bidii waliyoanza nayo. Kama muda hakuna, andika hivi: "Wanafunzi wanaosema wako karibu na wazazi na walimu wao ndio pia wanaosema wanakaza juhudi." Jopo likiuliza kwa nini hukusema "inajenga", waonyeshe safu ya minervali.