Wasomaji Wauliza: Siku Moja Yatosha kwa Miti Mikubwa ya Sequoia?

Swali: Dada, habari za kazi. Mwanetu anaishi Fresno, California, na Juni mimi na mzee wangu tunaenda kumtembelea. Amepanga kutupeleka hifadhi za Yosemite na Sequoia kwa siku moja, turudi jioni. Mimi magoti yananisumbua, mzee ana presha. Tutaiweza? Na kweli miti tu inastahili safari ndefu hivyo? – *Mwalimu mstaafu, Buruburu*

Jibu: Mwalimu, mwambie kijana achague moja. Hakuna barabara inayokatiza milimani kutoka hifadhi moja hadi nyingine. Ukitoka Yosemite sharti ushuke hadi karibu na Fresno kisha upande upya, na siku yenu itaishia garini. Kama moyo wako uko kwenye miti, ipeni Sequoia siku nzima. Nimewahi kuona familia zikishuka garini, zikipiga picha chini ya mti mmoja, zikaondoka, na iliniuma kwelikweli kwa niaba yao.

Kuhusu presha, mzee amuone daktari wake kwanza, lakini mwinuko usiwatishe. Msitu unaoitwa Giant Forest uko kama mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo ya Nairobi na chini ya Limuru. Kazi iko barabarani. Mkiingilia lango la kusini, mnaanza chini ya mita 600 na kupanda kwa kona kali mfululizo. Anayechafukwa na moyo akiteremka barabara ya Mai Mahiu ataujua mlima huo. Kwa kuwa mnatoka Fresno, kijana afuate barabara ya 180, yenye kona za upole zaidi. Tena itawapitisha kwenye mti wa General Grant, sequoia mwingine maarufu. Ajaze petroli mapema, maana ndani ya hifadhi hakuna kituo, na netiweki hukatika. Kiingilio akiangalie kabla ya kuondoka, kwa sababu viwango hubadilika na wageni wa kutoka nje hutozwa tofauti.

Sasa magoti. Kutoka maegesho makuu hadi General Sherman, mti maarufu kuliko yote hapo, ni njia ya lami ya mita kama 800, ina ngazi, na yote ni mteremko. Kushuka ni rahisi, kurudi ndiko kunakotesa. Wakati wa kiangazi kuna mabasi madogo ya bure. Uliza linalosimama upande wa chini, karibu na mti wenyewe. Halafu, tafadhali, msiondoke. Nendeni kwenye njia ya Big Trees karibu na jumba la makumbusho. Inazunguka uwanda wa nyasi, ni tambarare, ina lami, na majitu yenyewe yamesimama ukingoni. Hapo ndipo ningempeleka mama yangu.

Sherman ndio mti mkubwa kuliko yote duniani kwa ujazo wa shina. Una mita 83.8 kwenda juu na upana wa mita 11 chini, na umri wake unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 2,000. Lakini tarakimu hazikuandai. Sogelea sequoia mmojawapo kando ya njia na utazame gome lake: rangi ya kutu, nyuzinyuzi, na ukilibonyeza kwa kidole linabonyea. Huku chini utaona kovu jeusi la moto linalotosha mtu kusimama ndani, na juu yake mti bado una majani mabichi.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa wewe ni mwalimu. Hifadhi ilianzishwa 1890, ila kwa miaka mingi magari ya kukokotwa hayakuweza kufika Giant Forest. Waliokamilisha barabara hiyo mwaka 1903 ni wanajeshi weusi wa Marekani, chini ya Kapteni Charles Young, aliyezaliwa utumwani Kentucky mwaka 1864. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa hifadhi mwaka huo. Wasimulie wajukuu jina hilo mkiwa palepale.

Swali: Nilisikia moto uliteketeza miti hiyo. Si inasemekana haiungui? – *Msomaji, Kasarani*

Jibu: Yote mawili yana ukweli. Gome la sequoia mzee hufikia unene wa sentimita 60 na halishiki moto upesi. Tena mti huu unauhitaji moto: joto hukausha matunda yake magumu yakafunguka, mbegu zikaangukia udongo uliosafishwa, wenye mwanga. Balaa ilianza watu walipozima kila moto kwa miongo mingi. Kuni zikarundikana, ukame ukaja, na ndimi zikafika kwenye vilele ambako gome nene halisaidii kitu. Inakadiriwa mioto ya 2020 na 2021 iliua kati ya asilimia 13 na 19 ya sequoia wakubwa wote duniani. Mwaka 2021 wazima moto walilifunga shina la Sherman kwa karatasi za alumini, na likapona. Kwa hiyo ukikuta wafanyakazi wa hifadhi wakichoma majani kwa utaratibu, usiwalaumu. Wanaokoa miti hiyo.

Swali: Naweza kuokota tunda moja la sequoia nije kupanda Limuru? – *Mkulima, Kikuyu*

Jibu: Hapana. Sheria ya hifadhi inakataza kuondoka na chochote, na mbegu za kigeni haziingii Kenya bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Lakini una jamaa wa sequoia hapa nyumbani: mtarakwa wetu, ule wa nguzo za ua, ni wa familia hiyohiyo ya miti. Tumeukata mno. Nenda KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu pale Muguga, ni karibu nawe, uulizie mbegu zake, uzipande kabla ya mvua ndefu.